"Safety" na "security": mbona sisi zote tunaziita usalama?

#1 NyotaYaKondoa
Habari za jioni wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba msaada.

Natafsiri vipeperushi vya kilimo kutoka Kiingereza. Mwezi uliopita nilipewa kimoja cha kurasa nne kuhusu mahindi na sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Ndani yake kulikuwa na "food safety" na "food security", mahali pengine zote mbili katika aya moja. Nikaandika usalama wa chakula kotekote, maana ndivyo zinavyoandikwa kila ninapotazama. Kikachapwa, kikagawiwa.

Juzi nikaenda kwenye mkutano wa kijiji kuona kinavyopokelewa. Bwana shamba akasoma: "Kila kaya ihakikishe usalama wa chakula chake." Mzee mmoja aliyekaa mbele akanyanyua fimbo, akasema: "Mimi usalama wa chakula ninao. Gunia kumi na nane zipo ndani na kufuli nimetia." Watu wakampigia makofi. Mkutano ulipoisha nikamwomba anioneshe. Magunia yalikuwa yamepangwa juu ya udongo mtupu, ya chini yamelowa ubavuni. Nilipochota kiganja kimoja, baadhi ya punje zilikuwa na ukungu wa kijani unaoelekea njano.

Yule mzee si mbishi wala si mjinga. Alijibu kile nilichomwandikia. Sasa nauliza: maneno haya mawili yanatofautianaje hasa, na sisi tuyasemeje ili mtu kama yeye aelewe?

#2 Kiti_cha_Mbele
Mada nzito. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 MwalimuWaPili
Ninayofundisha kidato cha pili ni kanuni fupi. "Safety" ni kinga dhidi ya ajali, "security" ni kinga dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Breki zikifeli mlimani, hiyo ni "safety". Mtu akikukatia waya wa breki usiku, hiyo ni "security". Mkanda wa kwenye gari uko upande wa kwanza, kufuli liko upande wa pili. Ukishika neno nia, hupotei.

#4 MamaWawili
Mwalimu nakuheshimu, ila hapo kanuni inapwaya. "Food security" adui wake ni nani? Na "social security", ambayo sisi tunaiita hifadhi ya jamii, inamkinga mstaafu dhidi ya mwizi gani? Uzee hauna nia. Ukame hauna nia.

#5 MwalimuWaPili
Umenikamata dada. Nirudi nijipange.

#6 Nondo_na_Zege
Wasomi mnajitesa bure. Saiti tulishatenganisha zamani. Sefti ni buti, helmeti na kizibao kinachong'aa. Sekyuriti ni jamaa wa getini anayekupekua mfuko jioni usiondoke na misumari. Sefti anakusimamisha unapoingia, sekyuriti anakusimamisha unapotoka. Sijaona kibarua anayewachanganya.

#7 MtuWaGreda
Nondo umenikumbusha mbali. Mimi ndiye huyo wa sefti, nilikuwa kwenye mradi wa barabara. Kijiji cha kwanza mwenyekiti alinitambulisha hivi: "Na huyu ni ofisa usalama." Mkutano mzima ukanyamaza. Kulikuwa na mama amesimama akilalamikia fidia ya migomba yake, akakaa chini kabla hajamaliza. Babu mmoja akaniuliza kwa upole kama nimetumwa na mkoa au nimetoka juu zaidi. Nami nilikuja kuwaambia watoto wasicheze karibu na greda!

Iliniuma, kwa sababu yule mama hakusimama tena. Tangu siku ile najitambulisha kuwa ni mtu wa kuzuia ajali, basi.

#8 Kalamu_ya_Sheria
#7 si bahati mbaya. Usalama likitajwa peke yake, bila "wa" ya kulifuata, masikio ya Mtanzania yanasikia Usalama wa Taifa, chombo chenye sheria yake ya mwaka 1996. Wewe unatumikia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003. Sheria mbili, wizara mbalimbali, neno moja. Kivuli cha mkubwa kinamfunika mdogo.

#9 Trafiki_Mstaafu
Ongezeni hili. Kikosi cha Usalama Barabarani ni polisi, lakini kazi yake kubwa ni "safety": mwendo, matairi, ulevi, pundamilia. Askari yuleyule akikamata gari la wizi kwenye kizuizi chake, dakika hiyo anafanya "security". Nimevaa nyeupe miaka mingi na sikuwahi kuona mstari kati ya hizo mbili.

#10 Bint_Matrah
Salaam kutoka Muscat. Hebu niwape la Kiarabu, maana usalama tumelitoa huko. Waarabu wana maneno mawili. Kwenye saiti za huku bango linasema as-salama awwalan, yaani usalama kwanza, na hiyo ni "safety". Lakini Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa wao wanaliita Majlis al-Amn. Amn, si salama. Na chakula ni vivyo hivyo: salama kwa kile kisichodhuru, amn kwa kile kisichokosekana.

Sasa kinachonishangaza ni kwamba Kiswahili kilichukua mashina yote mawili. Amn ndiyo mama wa amani, amana, amini na imani. Neno tulikuwa nalo mkononi.

#11 MamaWawili
Bint Matrah, hiyo sikuijua kabisa. Asante sana.

#12 Mzee_wa_Pwani
Ni kweli tulikuwa nalo, ila limekwishahama nyumba. Amani leo ni kinyume cha vita. Mwambie mtu wa Kondoa "amani ya chakula" atadhani wali na maharage wamepatana.

#13 Bandari_ya_Maneno
Nikifuata alipoishia Bint Matrah, tazameni na asili ya Kiingereza. "Safe" imetoka Kilatini salvus, maana yake mzima, asiye na jeraha. Hiyo ni salama kabisa. "Secure" imetoka securus: se ni bila, cura ni wasiwasi. Yaani mtu asiye na wasiwasi. Na neno "sure" ni ndugu yake wa tumbo moja, ila lenyewe lilipita kwa Wafaransa likanyolewa njiani.

Kwa hiyo "safety" inauliza: umeumia? "Security" inauliza: una hakika ya kesho? Hapo "social security" na "food security" zinakaa vizuri bila kumtafuta adui wa mwalimu.

#14 MwalimuWaPili
Naipenda, ila tuwe waangalifu, asili ya neno si maana yake ya leo. Nimejipanga na nimerudi na mifano ya darasani. Tazameni mlango. "The door is safe" ni kwamba hautakuangukia. "The door is secure" ni kwamba umefungwa barabara, hausukumiki. Ngazi pia: ikiwa "secure" imefungwa kwa kamba haichezi, lakini kipago kimoja kikioza haiko "safe". Mtu akiwa "safe" amefika nyumbani mzima. Mtu akiwa "secure" anajiamini moyoni. Tena "secure" ni kitenzi pia, unaweza kuisema kwa kufunga mzigo au kupata mkopo, na "safe" haina kitenzi cha namna hiyo.

Kwa hiyo sasa nasema "safety" ni hali ya kitu kutodhuru, "security" ni hali ya kitu kushikiliwa. Nia nimeifuta ubaoni.

#15 Kiti_cha_Mbele
Mwalimu amebadilika mbele ya macho yetu. Uzi mtamu huu.

#16 Nahodha_Lindi
Usiifute yote mwalimu, baharini nia bado ina kazi. Meli ina mkataba wa SOLAS ("Safety of Life at Sea"), ule uliozaliwa baada ya Titanic kuzama 1912: maboya, mashua za kuokolea, redio, moto. Hiyo ni "safety". Halafu ilipotokea Septemba 11, mwaka huohuo wa 2001 ukaanza mfumo mwingine wa ISPS: walinzi ngazini, vitambulisho, uzio wa bandari. Hiyo ni "security". Vitabu viwili, maofisa wawili.

#17 Gati_Namba_Saba
Nahodha shikamoo. Marekebisho mawili. ISPS haikuanza 2001. Ilipitishwa Desemba 2002 na ikaanza kutumika Julai 1, 2004, na bandari nyingi zilihangaika na uzio mwezi ule. La pili ndilo kubwa zaidi: ISPS si kitabu cha pembeni. Imo ndani ya SOLAS yenyewe, sura ya XI-2. Yaani mkataba ambao jina lake ni "safety" umeimeza "security" ukaifanya sura yake. Wenye lugha yao nao waliona haziachani.

#18 Nahodha_Lindi
Marahaba. Tarehe nimekubali. Kuhusu sura ya XI-2 nakushukuru, nilikuwa nasoma vijitabu vilivyokatwakatwa.

#19 MtumishiWaUwanja
Mimi niko uwanja wa ndege na kila siku naona abiria wakikasirika kwa sababu ya neno hili. Kisu cha jikoni wanaambiwa weka kwenye begi kubwa, usiingie nacho ndani. Pawabenki wanaambiwa toa kwenye begi kubwa, ingia nayo ndani. Abiria anaona tunamchezea: hiki kiende chini, hiki kije juu, na sababu ya vyote viwili tunamtajia moja, "ni kwa usalama wako".

Kisu ni "security", mtu asikitumie kumtishia mwenziwe. Pawabenki ni "safety", betri yake ikishika moto huko chini hakuna wa kuiona, ikiwaka kwenye kiti wahudumu wataizima. Siku niliyoanza kusema "kisu kwa sababu ya watu, betri kwa sababu ya moto", ugomvi ulipungua mezani kwangu.

#20 Kivu_Yetu
Jambo yenu bandugu. Miye niko Bukavu. Huku Kifaransa kiko na maneno mawili, sûreté na sécurité, mutadhani tumepona. Hapana. Kwa mambo ya ndege, sécurité ni kuzuia ajali na sûreté ni kuzuia washambuliaji. Kwa mambo ya nyuklia inapinduka: sûreté inakuwa kuzuia ajali ya mtambo. Maneno ni mawili na watu bado wanapotea. Kuwa na maneno mengi peke yake haisaidie.

#21 Bandari_ya_Maneno
Kivu Yetu umetoa hoja nzito kuliko zote. Na Wajerumani wana Sicherheit moja, Wahispania wana seguridad moja, kwa yote mawili. Hatuko peke yetu.

#22 MamaWawili
Mimi nataka kuwaambia kwa nini naona lazima yatenganishwe, maana yanaweza kugombana. Nyumba tuliyopanga zamani ilikuwa na nondo kila dirisha, geti la chuma mlangoni, kufuli mbili. Usiku mmoja waya wa friji ukashika moto sebuleni. Moshi umejaa, mume wangu anapapasa funguo kwenye misumari ya ukutani, mimi nimembeba mdogo, nimekaa chini nimeshika mkono wa mkubwa. Nondo zilezile nilizozilipia ili mwizi asiingie ndizo zilikuwa zinanizuia kutoka. Tulitoka. Mkono wa mume wangu una kovu mpaka leo.

"Security" inataka mlango ufungwe. "Safety" inataka mlango ufunguke. Ukiwa na neno moja tu huwezi hata kuusema huo ugomvi. Utasema usalama unapingana na usalama?

#23 Machakos_Juu
Pole sana dada. Sisi Kenya tulilijua hilo kwa machozi. Shule ya sekondari ya Kyanguli, Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ukasema wazi: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifungukie nje. Lakini nenda shule ukaulize, utaambiwa vyuma ni vya usalama wa watoto. Na anayekujibu hadanganyi.

#24 Trafiki_Mstaafu
Moto wa Kyanguli uliwashwa na mtu kwa makusudi, kwa hiyo hata hapo zote mbili zilishindwa usiku mmoja. Mungu awarehemu watoto wale.

#25 Kijana_wa_Mgodi
Poleni wakuu. La kwangu ni dogo. Kwenye usaili niliulizwa maoni yangu kuhusu "job security". Nikaeleza buti, miwani, helmeti, na jinsi ya kushuka ngazi nyuso mbili zikitazamana na ukuta. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nilikuuliza kama unaogopa mkataba wa mwaka mmoja." Kazi sikupata. Kichwani nilikuwa na "usalama wa kazi", na usalama wa kazi ulinipeleka kwenye buti.

#26 Nondo_na_Zege
"Nyuso mbili zikitazamana na ukuta" ndiyo nini tena? Mtu ana uso mmoja.

#27 Kijana_wa_Mgodi
Nilimaanisha uso uelekee ngazi. Hata hapo usaili nilisema vilevile nadhani.

#28 Kalamu_ya_Sheria
Turudi kwa mleta mada. Kwa "food security" neno lipo na linatumika Tanzania: uhakika wa chakula. Linaafikiana na securus ya #13 bila kupinda. Kenya nimeona utoshelevu wa chakula. Basi "food safety" ibaki na usalama wa chakula, mzozo uishe.

#29 Lishe_na_Afya
Hauishi mkuu. Mambo mawili. Kwanza, Wizara ya Kilimo yenyewe kwa miaka mingi imeita "food security" usalama wa chakula, na upande mwingine TBS, yaani Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia ubora wa chakula, nao wanasema usalama wa chakula wakimaanisha "safety". Mkulima anasikia redio moja.

Pili, na hili linanigusa kwa sababu ndiyo kazi yangu: mkutano wa chakula wa dunia uliofanyika Roma 1996 ulieleza "food security" kuwa ni watu wote, wakati wote, kukifikia chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Salama imo ndani! Kwa maana hiyo mzee wa fimbo hana hata hiyo "security". Magunia 18 yenye ukungu hayahesabiki. Ukimwandikia uhakika wa chakula ataendelea kuhesabu magunia.

#30 Mzee_wa_Pwani
Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuyaona mahindi ya kuanikwa chini.

#31 Makueni_Mashariki
Mzee wa Pwani, kwetu tuliyaona. 2004, Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Waliougua kwa sumukuvu 317, waliofariki 125. Mahindi mengi yalikuwa ya watu wenyewe, wameyalima, wameyavuna, wameyaweka ndani ya nyumba wanamolala ili yasiibwe. Wakati wa njaa, mwenye mahindi ndiye aliyeonekana amejipanga. Shangazi yangu alikuwa mmoja wa waliojipanga. Macho yalianza kuwa ya manjano, tukadhani homa. Tulimzika na debe tatu bado zimo chini ya kitanda.

#32 Lishe_na_Afya
Pole sana. Na Tanzania ni 2016, Dodoma na Manyara, waliougua 68 na waliofariki 20. Kondoa alikotoka mleta mada na majirani zake wanalijua hilo vizuri.

Kitu kimoja kwa wasomaji: sumukuvu haiondoki kwa kupika. Kiwango cha unyevu wa mahindi ya kuhifadhi kwa Afrika Mashariki kisizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Kwa kukadiria tu (njia hii inaonesha kama unyevu umezidi takriban asilimia 15), chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu, tikisa, acha itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani, juu ya turubai. Chumvi ikianguka chini yote, weka ghalani, juu ya chaga, mbali na ukuta.

#33 MwalimuWaPili
Nimenakili #32 nzima, kesho naisoma darasani. Hiyo ndiyo "safety" niliyokuwa naitafuta.

#34 NyotaYaKondoa
Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Makueni, pole kwa shangazi. Sikujua ningegusa msiba wa mtu.

Leo asubuhi nilirudi kwa mzee. Nikamsomea sentensi tatu: moja yenye usalama wa chakula, moja yenye uhakika wa chakula kama alivyosema Kalamu ya Sheria, moja niliyoitunga kutokana na #10, chakula kisichodhuru. Akasikiliza zote, kisha akaniuliza: "Unataka kuniambia mahindi yangu yana sumu?" Nikamwambia ndiyo, huenda. Akasema: "Basi andika mahindi yana sumu. Usalama wa nini."

#35 Nondo_na_Zege
Mzee kashinda uzi.

#36 Bwana_Ghala
Hajashinda. Nauza pembejeo mwaka wa tisa. Ukimwambia mkulima mahindi yana sumu, anaelewa dawa ya ghala, ile ya unga tunayochanganya kuua dumuzi. Atakujibu "mimi sikuweka dawa, yangu hayana sumu", na ni kweli hakuweka. Ukungu hauko kichwani mwake kama sumu. Wengine huko kwetu hata wanaupangusa kwa kitambaa na kupeleka mashineni.

#37 MamaWawili
Jamani. Kwa hiyo sumu nayo ni neno moja la vitu viwili.

#38 Bint_Matrah
Ukungu unaoua. Andika ukungu unaoua.

#39 Kalamu_ya_Sheria
Uhakika wa chakula bado ni sahihi kwa nyaraka. Kwa mkutano wa kijiji nakubali, siyo.

#40 NyotaYaKondoa
Bwana Ghala, hukukosea, nilimpigia mjukuu wake akamuuliza, na kweli mzee alikuwa anafikiria dawa. Jumamosi naenda tena. Kipeperushi nakiacha nyumbani, nachukua chupa na chumvi.